Wekundu Wetu, wa Bluu Wake

Jumamosi, 7 Machi

Mvua zimeanza, na Dada amekuja nyumbani na mkoba wenye vigingi ishirini na vinne, furushi la kamba na vichupa viwili vya rangi ya kucha, kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Mama ndiye aliyeviona vichupa kwanza. Akasimamisha cherehani.

"Hatimaye! Mwaka wa tatu chuoni ndipo unakumbuka kuwa una kucha."

"Si zangu, Mama. Ni za konokono."

"Konokono naye ana kucha?"

"Nawapaka mgongoni."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemharibu.

Dada anasoma shahada ya sayansi za kibiolojia na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Wateja wakimuuliza Mama binti yake mkubwa anasomea nini, hujibu "udaktari", kisha hushusha sauti: "wa vidudu." Konokono si mdudu, lakini nimeacha kumsahihisha.

Ili amalize, Dada lazima afanye utafiti wake mwenyewe. Swali lake ni hili: konokono wanapenda zaidi bustani iliyopaliliwa au iliyoachwa ikaota magugu? Kwetu kuna bustani ya mboga ya Mama, ambamo jani halioti bila ruhusa. Ng'ambo ya ukuta mfupi, wenye nyufa chini, kuna uwanja wa fundi redio tunayemwita Mzee Mawimbi. Kwake magugu yanafika magotini, na katikati yake kuna mizoga ya redio za zamani.

Tumepima miraba mitatu kila upande na kuizungushia kamba. Konokono tuliowakuta upande wetu tukawapaka nyekundu, wa upande wake tukawapaka bluu, ili tujue nani anahama. Mzee Mawimbi alisimama akitutazama, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio.

"Wekundu ni wa kwetu, Mzee," Dada alimweleza. "Wa bluu ni wa kwako."

"Haya," akasema Mzee. "Nimeelewa."

Kesho Dada anarudi chuoni. Mimi ndiye nitakayehesabu kila Jumatano na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawaficha. Amenikabidhi daftari la utafiti lenye jalada gumu.

"Usikisie," aliniambia. "Siku ukishindwa kuhesabu, andika hukuhesabu. Mstari mtupu hauna dhambi."

Nilisema sawa. Sikumwambia kwamba nataka kusoma anachosoma yeye. Sijamwambia mtu. Hapa ndipo mahali pa kwanza ninapoliandika jambo hili.

Jumatano, 11 Machi

Upande wetu: kumi na wanne. Wekundu tisa, wa bluu hakuna, wasio na rangi watano. Nimewaweka kiganjani mmoja mmoja. Wana ubaridi kama kijiko.

Halafu nikaenda kwenye geti la Mzee Mawimbi. Nilipiga hodi, lakini hodi yangu haivuki hata midomo yangu. Ndani alikuwa anaigombeza redio: "Unanguruma nini, wewe? Nani kakuuliza?" Nikaona kama ananiambia mimi. Nikasubiri. Nikahesabu mpaka mia. Nikarudi nyumbani.

Daftarini nimeandika upande wake: kumi na watatu. Wa bluu wanane, wekundu hakuna, wasio na rangi watano. Nimefuata wa kwetu, nikapunguza kidogo ili wasifanane. Jumamosi nitaenda kweli.

Jumamosi, 14 Machi

Wetu kumi na sita. Wake kumi na watano. (Sijaenda.)

Jumatano, 18 Machi

Mvua kubwa. Wetu ishirini. Wake kumi na tisa. (Sijaenda.)

Jumamosi, 21 Machi

Jambo la ajabu: wekundu wengi nimewakuta chini ya ukuta, wengine wamelala chali kama walioanguka kutoka kitandani. Mmoja gamba lake lina ufa. Nimeyaandika yote hayo daftarini, kwa sababu ni kweli. Upande wa Mzee sijaenda. Wake kumi na wanane.

Nimegundua kwamba kutunga namba nako ni kazi. Ukiziacha zipendeze mno, zinanuka.

Jumatano, 25 Machi

Leo nilijikaza. Nilifika getini na Mzee Mawimbi alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni.

"Binti! Wangu mnawarudisha lini?"

Sikujua wake ni akina nani. Nikajibu, "Ndiyo, shikamoo," nikageuka nikaenda zangu shule nikiwa na matope hadi kwenye goti. Darasani nililirudia jibu hilo kichwani siku nzima. Ndiyo, shikamoo! Mtu ameuliza lini.

Wake ishirini na mmoja. (Uongo.)

Jumamosi, 28 Machi

Uongo.

Jumatano, 1 Aprili

Uongo tena. Siandiki namba hapa. Zipo daftarini.

Jumamosi, 4 Aprili

Asubuhi nimejaza mstari wa nane wa uongo, na saa sita mchana Dada akaingia na kompyuta yake. Alikuwa amelowa, hakubadili hata nguo. Aliketi kwenye meza ya Mama ya kukatia vitambaa, akanitaka nimsomee namba huku yeye anaandika.

Nilimsomea zote. Zile za upande wetu na zile nyingine, kwa sauti ile ile. Sikujua kama naweza.

Alipomaliza, akabonyeza, na grafu ikatokea. Mistari miwili, mwekundu na wa bluu, inapanda pamoja na kushuka pamoja kama wanafunzi waliofungwa miguu kwa kamba moja.

"Ona!" Dada alinishika bega. "Ona, mdogo wangu! Wekundu wanakaa kwao, wa bluu kwao. Magugu si kitu! Mimi nilidhani watakimbilia kwenye magugu, kumbe hawajali hata kidogo."

"Kwa hiyo mboga zangu wanazila kwa mapenzi tu," Mama akasema.

Dada akamtumia msimamizi wake grafu hapo hapo. Kisha akanionyesha ukurasa wa shukrani wa ripoti yake. Nimeukariri bila kutaka: *Kwa mdogo wangu, aliyehesabu kila mmoja.*

Nilisema naenda kuanua nguo. Mvua ilikuwa inanyesha, hakukuwa na nguo yoyote kambani. Nilisimama uani nikalowa.

Jumatano, 8 Aprili

Wetu ishirini na wawili. Upande wa Mzee nimeacha wazi. Nimeandika: *Sikuhesabu.* Neno moja, na ndilo la kwanza la kweli upande ule wa ukurasa.

Shuleni Mwalimu wa biolojia ametugawia fomu za kuchagua masomo ya chuo. Wengine wamejaza pale pale wakicheka. Mimi nimeikunja nikaiweka ndani ya kitabu. Mtu aliyetunga namba nane anaomba kwenda kusomea nini?

Ijumaa, 10 Aprili

Nimempigia Dada.

Nilitoka shule nikamwomba Mama simu. Yeye alikuwa anashona sare, na niliona heri asikie, maana nikienda kujificha ningeikata kabla Dada hajapokea.

"Mdogo wangu! Kuna nini? Wewe hupigi simu."

"Dada, namba za upande wa Mzee Mawimbi si za kweli."

"Si za kweli vipi? Umekosea kujumlisha?"

"Nimezitunga. Sijawahi kuingia kwake."

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, viatu kwenye sakafu ndefu, mlango ukifungwa.

"Zipi?" akasema.

"Zote nane. Tarehe kumi na moja, kumi na nne, kumi na nane..."

"Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza.

"Msimamizi amewaonyesha walimu wenzake ile grafu," akasema. "Ameisifu mbele ya darasa. Nimeandika kurasa kumi na mbili juu yake. Ripoti inatakiwa mwezi ujao. Nisipokuwa na namba sina ripoti, na bila ripoti simalizi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi mazuri. Likatoka lile dogo kuliko yote: "Niliona haya kupiga hodi."

"Kesho nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Mguu wa Mama ulikuwa umesimama juu ya pedali.

"Yaani," akasema taratibu, "uliogopa kubisha geti la jirani, ukaona kudanganya chuo kizima ndio rahisi."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunifafanulia jambo vizuri hivyo. Nililia. Mama akaniacha nilie, akaendelea kushona, lakini hakuninyang'anya kiti kilichokuwa karibu naye.

Jumamosi, 11 Aprili

Dada alifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa basi la kwanza. Macho yamevimba. Hakunisalimu. Alivaa mabuti ya mvua ya Mama, akachukua daftari, akanitangulia hadi geti la Mzee Mawimbi. Pale akasimama kando.

"Piga," akasema.

"Dada, wewe anakujua..."

"Mimi sina haja ya kupiga. Anayehesabu si mimi."

Mvua ilikuwa inashuka polepole, ile isiyo na haraka ya kwisha. Nikapiga hodi. Haikusikika. Nikapiga tena. Dada aliangalia ukutani kana kwamba hanijui. Mara ya tatu nilifumba macho nikapaza sauti, na ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayeuza samaki.

"HODI!"

"Karibu! Mbona unataka kunivunjia geti?" Mzee Mawimbi akatokea, taulo begani. Aliponiona mimi, akakunja uso. "Ahaa. Leo mmekuja. Mmewaleta?"

"Shikamoo, Mzee. Kina nani?"

"Marahaba. Kina nani! Konokono wangu, binti. Wale wa bluu. Mimi wa kwenu nawarudisha kila siku, wangu mmewakalia kimya. Ujirani gani huo?"

Nikamtazama Dada. Dada akamtazama Mzee.

"Unawarudisha vipi, Mzee?" Dada akauliza.

"Nikimkuta mwekundu kwangu, namtupia kwenu juu ya ukuta. Taratibu, simpigi. Ulisema mwenyewe, wekundu wa kwenu, wa bluu wa kwangu. Mimi mali ya mtu hailali kwangu. Nilidhani labda ni mambo ya harusi, kila upande umevaa sare yake."

Kumbe wale waliolala chali! Kumbe lile gamba lenye ufa! Wekundu hawakuwa wanakaa kwao. Walikuwa wanahama, kwa moyo wao wote, kwenda kwenye magugu, na Mzee Mawimbi anawarusha nyumbani kama redio zisizotengenezeka.

Dada aliketi juu ya redio moja kubwa iliyokufa, akashika kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa mkono wenye matope.

"Kwa hiyo hata namba za upande wetu hazisemi nilichodhani," akasema. "Mzee, umeturushia wangapi?"

"Njooni."

Alituingiza kwenye karakana yake. Nyuma ya mlango, juu ya mbao, kulikuwa na mistari ya chaki. Kila siku, tarehe, na vijiti. Mzee alieleza kwamba kila kinachoingia getini kwake hukiandika, na kila kinachotoka pia, kwa sababu zamani aliwahi kushutumiwa kupoteza spika ya mtu. Tangu hapo hakitoki kitu bila alama.

"Tarehe kumi na moja, wanne," alisoma kwa kidole. "Kumi na mbili, wawili. Kumi na tatu sikuwapo, nilikwenda kwa mkwe wangu. Nimeandika hapo, sikuwapo."

Sikuwapo. Alikuwa ameandika hivyo, kwa chaki, herufi kubwa. Mzee ambaye hajui utafiti ni nini. Na mimi ninayeficha fomu ndani ya kitabu cha biolojia, nilikuwa nyumbani siku zote nane.

Dada alipiga picha ule mlango. Tulihesabu vijiti pamoja, mimi nikisoma, yeye akiandika: wekundu arobaini na mmoja.

Halafu tukaingia kwenye magugu, nikahesabu miraba mitatu ya Mzee Mawimbi kwa mara ya kwanza. Ilinichukua saa nzima. Thelathini na wanane. Ningeweza kutunga mwaka mzima nisifike namba hiyo.

Wakati wa kuondoka Dada alimwomba Mzee asiwarushe tena.

"Hata wakila waya zangu?"

"Hata wakila waya, Mzee."

"Itakuwa vigumu. Mkono umezoea."

Njiani, hatua ishirini hivi, Dada alisema, "Bado nimekukasirikia." Nikasema najua. Akasema, "Vizuri."

Jumanne, 14 Aprili

Dada amepiga simu. Amemweleza msimamizi kila kitu, amesimama mbele yake ofisini kama mtuhumiwa. Kurasa kumi na mbili zimekwenda na maji. Tarehe ya ripoti haisogezwi. Lakini ile mistari minane msimamizi amekataa ifutwe. Amesema ipigwe mstari mmoja katikati, ili anayesoma aone kilichokatwa na aambiwe kwa nini. Mlango wa Mzee Mawimbi utawekwa mwishoni mwa ripoti, na picha yake.

Tumebakiwa na wiki tano za mvua. Hesabu zote, pande zote mbili.

"Ukishindwa niambie sasa," akasema.

"Sishindwi."

Jumatano, 15 Aprili

Wetu kumi na saba. Wake thelathini na tisa, kati yao wekundu kumi. Hodi ya kwanza imesikika.

Jumamosi, 18 Aprili

Wetu kumi na watano. Wake arobaini na wawili. Mzee alikuwa ananisubiri na mwavuli. "Usiku kulikuwa na msafara," akasema. "Wekundu watatu wamepanda ukuta kama wanajeshi. Mkono uliniwasha, nikaukalia."

Jumatano, 22 Aprili

*Sikuhesabu.* Homa. Mama amenikataza kutoka, na mimi nimemkataza kwenda kunihesabia, maana angewatia chumvi.

Jumamosi, 25 Aprili

Bado nina kikohozi. Wetu kumi na mmoja, wake arobaini na saba. Mzee Mawimbi aliniuliza kama konokono wanasikia. Nikamwambia hawana masikio kama yetu, lakini wanahisi mtikisiko kupitia mguu. Akafikiri sana. Akaenda akapunguza sauti ya redio.

Nimeongea naye robo saa nzima. Nimekuja kulitambua baadaye, nikiwa tayari nimefika nyumbani.

Jumamosi, 2 Mei

Dada amekuja. Grafu mpya haipendezi kabisa. Ina mapengo, ina siku ya homa, mistari inakwenda huku na kule. Lakini ule wa magugu unapanda, na wetu unashuka.

"Hii mbaya," nikasema.

"Hii ni ya konokono wenyewe," Dada akasema. Akanivuta sikio, kama zamani.

Jumatano, 6 Mei

Wetu tisa. Wake arobaini na wanne.

Nimempelekea Mwalimu fomu. Chaguo la kwanza: shahada ya sayansi za kibiolojia. La pili nimeandika hilo hilo, chuo kingine. Alivua miwani.

"Una uhakika? Kwa alama zako unaweza kupata udaktari."

"Nina uhakika, Mwalimu."

"Utakwenda kufanya nini huko?"

"Kuhesabu vizuri."

Hakuniomba nirudie. Kwa kawaida watu huniomba nirudie.

Jumamosi, 16 Mei

Hesabu ya mwisho. Wetu saba, wake thelathini na mmoja. Mvua zinakata. Dada ameng'oa vigingi kumi na viwili vya upande wetu. Vya Mzee ameviacha, Mzee amesema ameshavizoea.

Ijumaa, 29 Mei

Dada ametetea utafiti wake leo mbele ya walimu watatu. Amepiga simu saa tisa alasiri na Mama ameiweka juu ya meza ili tusikie wote, pamoja na mteja aliyekuja kupimwa.

"Wameniuliza juu ya mistari iliyokatwa," Dada alisema. "Nusu saa nzima, hiyo tu! Mmoja akaniuliza kwa nini niamini zilizobaki. Nikamwambia, kwa sababu aliyezihesabu ndiye aliyeniambia za uongo ni zipi, na hakuna aliyemlazimisha."

"Wakasemaje?" Mama akauliza.

"Wamepitisha. Nasahihisha mambo madogo tu."

Mama akapiga vigelegele, sindano za kubania zikiwa bado mdomoni, tukaogopa atazimeza.

"Binti yako amekuwa daktari?" mteja akauliza.

"Hapana," Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Anajua mambo ya konokono."

Kisha Dada akaniomba nibaki peke yangu na simu. Akanisomea ukurasa wa shukrani. Kuna msimamizi, kuna Mama, kuna Mzee Mawimbi "kwa mlango wake". Na mwisho kuna mstari ambao ameubadilisha: *Kwa mdogo wangu, aliyeniambia.*

Jumamosi, 6 Juni

Wiki mbili bila tone. Udongo umekuwa mgumu na bustani ya Mama inamwagiliwa kwa ndoo. Hakuna aliyeniagiza, ripoti imeshafungwa kwa gundi na jalada, lakini saa kumi na mbili asubuhi miguu iliamka yenyewe.

Upande wetu hakuna vigingi tena. Nilipima kwa futi ya Mama na kukagua miraba yote mitatu, chini ya kila jani. Kisha nikaenda getini. Hodi moja, ikatosha.

"Wamekwisha, binti," Mzee Mawimbi akasema. "Wamejichimbia. Usijisumbue, andika tu hakuna."

"Ngoja niangalie, Mzee."

Nilipiga magoti. Mraba wa kwanza, nikafunua kila gugu. Wa pili, nikainua ile redio kubwa. Wa tatu nikauzunguka mara mbili, hadi jua likanikuta mgongoni. Mzee alisimama na chaki yake, anangoja, hakuniharakisha.

Wetu: sifuri, sifuri, sifuri.

Wake: sifuri, sifuri, sifuri.

Nimehesabu.